Sura Alizoondoka Nazo Anselm Ndaki

Nyota alivua kandambili mlangoni, akaingia chumba cha ndani bila hata kutusalimia sawasawa, akaketi kwenye mkeka na kuinua uso kuelekea pale mwanawe, yule wa karatasi, alipokuwa akining'inia siku zote. Palikuwa na kamba na kibanio cha nguo, basi. Akakitazama kile kibanio. "Amerudi mukamuhamisha?" akauliza. Dada Hidaya akamwambia Bwana Ndaki bado hajarudi, na picha zote bado ziko naye. Nyota akasema hakuna shida, akanigeukia mimi. "Basi unichoree mwingine, Mwavita. Chukua makaa." Nikachukua. Nikaanza kumuuliza kama tulivyowauliza wateja wote: paji la uso limekaaje, nyusi zinakutana au hazikutani, sikio limelala au limesimama. Nyota akashika sikio lake mwenyewe kwa vidole viwili, akilipapasa kama mtu anayetafuta kiberiti gizani, kisha akasema, "Mi nilikuwa nakuja kumuangalia hapa tu. Nilimuweka hapa kwenu. Sasa nikifunga macho ninaona ile karatasi, na karatasi yenyewe inafutika."

Nikamchora bila yeye kusema kitu, kwa sababu mkono wangu ulikuwa bado unamkumbuka yule mtoto. Nilipomaliza nikamgeuzia karatasi. Pale kwetu picha haikuwa picha mpaka mteja aseme neno moja, "Ndiye." Asiposema, tunafuta, tunaanza tena, hata kama jua linazama. Nyota alitazama, akasogea, akarudi nyuma, akainamisha kichwa upande. Halafu akasema, "Labda." Mimi nimevuka ziwa hili nikiwa nimelala chini ya miguu ya watu nisiowajua, nimenyeshewa kwenye turubai, nimeitwa kila jina analoweza kuitwa mkimbizi. Sijawahi kusikia neno baya kuliko hilo labda. Na aliyelileta ndani ya nyumba ile anaitwa Anselm Ndaki. Nimeliandika jina lake lote, na nitaliandika tena huko mbele, ili asije mtu akasema sikutaja.

Nilikuwa nimenyamaza miaka yote hii. Kilichonifungua mdomo ni msiba. Dada Hidaya amefariki mwaka huu, tukakusanyika Ujiji kwenye arobaini yake, na pale uani, kati ya masufuria ya pilau na wanawake wanaomenya vitunguu, nikaonyeshwa kitu ambacho nitakieleza kwa zamu yake. Kwanza nieleze mwaka ule tulivyofanya kazi, maana wako wanaosema kwamba tulikuwa wajinga tukamkabidhi mtu mali yetu. Hatukuwa wajinga. Tulikuwa na biashara, na ilikuwa biashara nzuri kuliko nyingi nilizoziona tangu hapo. Ya nyumbani kwetu upande wa pili wa ziwa sitayasema. Kila mtu aliyevuka anayo yake na yanafanana. Naanzia Ujiji, kwenye nyumba ya Hidaya, chumba cha mbele chenye benchi na chumba cha ndani chenye mkeka.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Nilichokijua ni kuchora vitambaa, yale maua na ndege ambayo wanawake hufuatisha kwa sindano na nyuzi ili kufunika viti na redio. Hidaya alikuwa mshonaji wa vitambaa hivyo, mwenyeji wa Ujiji tangu kwa babu zake, mnene, mwenye sauti ya kusikika mpaka nyumba ya tatu. Alinikuta sokoni Mwanga nikimchorea mtu tausi kwa kalamu ya kuazima, akasimama, akatazama, akasema, "Wewe mdogo wangu, huyo ndege anataka kuniuma. Unakaa wapi?" Nilikuwa sikai popote. Sheria ilitaka mimi niwe kambini, na kambi nilikuwa nimeitoroka. Akanichukua kwake siku ileile. Tukawa tunachora na kushona vitambaa, mpaka alipokuja mwanamke mmoja kutoka kwetu, akatazama maua yangu kwa muda, kisha akauliza kwa aibu kama mtu anayeomba chumvi, "Na mtu unaweza? Mume wangu. Sina picha yake hata moja." Nikasema simjui mumeo. Hidaya akanikata kauli: "Yeye anamjua. Wewe unajua makaa. Kaeni."

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na utaratibu wote uliofuata ulikuwa wa Hidaya. Mteja akija anakula kwanza. Ugali wa muhogo, dagaa au mgebuka wa kukaanga, mawese juu yake mpaka vidole viwe vyekundu. Nilimuuliza kwa nini tunalisha watu kabla hawajatupa kazi, akasema mwenye njaa anakumbuka chakula tu. Akishanawa, mteja anakaa kwenye kigoda na kugeukia ukuta, mgongo kwangu. Hilo tulijifunza baada ya kukosea: wale wa mwanzo walikaa wakinitazama, na kila niliyemchora akatoka na sura ya mteja mwenyewe, kaka wa mtu akawa na midomo ya dada yake. Wakigeukia ukuta wanamwona mtu wao na mimi nasikia sauti tu. Hidaya ndiye aliyeuliza maswali, kwa sababu watu walipenda kumjibu. "Akicheka meno yote yanaonekana au anaficha? Alikuwa mtu wa kukunja uso? Ulipomkasirisha, kilichoanza kubadilika ni nini?" Nilifuta kwa tonge la ugali uliobaki, nikilikanda mpaka linanata, maana ulikuwa unanyonya makaa bila kuchana karatasi. Jioni matonge yale yalikuwa meusi, na kuku wa jirani hawakuyataka.

Tulibishana sana, mimi na yeye, na karibu kila mara juu ya mteja. Alikuja muuza nyama mmoja wa pale mjini akataka baba yake marehemu avae koti na tai. Nikamuuliza, "Mzee alikuwa anavaa koti?" Akasema, "Koti gani! Alikuwa mkulima wa Kalinzi, alivaa kaptura mpaka anazikwa." Nikasema basi nitamchora na shati. Hidaya akaniita pembeni, pembeni yake ambayo mtaa mzima ulisikia: "Mtu kasema koti, mpe koti." "Lakini si kweli, dada." "Kweli ya nani? Wewe ulimjua? Mwenzio hakuwahi kuwa na uwezo wa kumnunulia baba yake koti. Leo amepata. Mshonee hapo kwenye karatasi." Nikamshonea, na tai nikampa. Yule muuza nyama alipoona akapiga kelele, "Ndiye! Tazama, amekuwa mbunge!" Tukacheka mpaka Hidaya akashika mbavu. Siku hiyo tulikula maini.

Mwingine alikuwa Mzee Balthazar, Mrundi, mtu wa maneno machache, ambaye mke wake alikuwa na kovu shavuni. Akasema kovu nisiliweke. Sikuliweka. Akasema "Ndiye," akaondoka akiwa ameibeba karatasi mbele yake kama sinia. Kesho yake amerudi, ameketi kwenye benchi, hataki chakula. "Rudisha kovu," akasema. Hidaya akauliza, "Mzee wangu, si ulisema mwenyewe?" "Nilisema. Nilitaka awe mzuri. Sasa ni mzuri na simfahamu." Nikaliweka kovu. Akalitazama, akaligusa kidogo, kidole kikapata weusi, akashtuka kama ameliamsha. Hapo ndipo tatizo la makaa lilipoonekana. Makaa hayashiki. Ukiigusa picha unaondoka nayo, na ukiipeleka kwenye hema la kambini, mvua moja, mtoto mmoja wa kutambaa, imekwisha. Ndiyo sababu wateja walianza kuziacha kwetu. Hidaya akafunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, akanunua vibanio vya nguo, na chumba cha ndani kikajaa watu wa karatasi. Wenyewe walikuja kuwatazama. Wengine walitoka kambini kwa ruhusa ya siku, wengine bila ruhusa. Waliketi kwenye mkeka, wakasimulia watu wao habari za ukoo, wakanywa chai, wakaondoka. Kuna wakati nilisikia kutoka chumba cha mbele mwanamke akimkaripia mumewe aliyekufa kwa sababu ya kuuza mbuzi. Nyota alikuja kuliko wote. Mwanawe alimponyoka mkononi ufukweni kwao, watu walipoikimbilia mitumbwi, na hakuna aliyeona alipandishwa upi au kama alipandishwa. Hivyo Nyota hakuwa akilia msiba. Alikuwa akisubiri. Akifika alikuwa akimwambia yule mtoto, "Bado niko hapahapa," ili asije akapotea tena kwa kumtafuta mahali pengine.

Anselm Ndaki alikuja kama mteja. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko wizi wenyewe. Alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Kigoma kutoka mkoa wa mbali, kijana bado, amenyoosha suruali, anasema Kiswahili kilichopigwa pasi. Alitaka mama yake, aliyekufa yeye akiwa masomoni. Tulimfanyia kama tulivyowafanyia wote. Hidaya alimpa ugali, na kwa kuwa hakuzoea wa muhogo akamsongea wa mahindi, kitu ambacho sisi wengine hakuwahi kutufanyia. Akageukia ukuta. Alikuwa mteja mzuri, aliona vizuri, alikumbuka mpaka jinsi mama yake alivyokuwa akifunga kilemba upande mmoja ili kuficha mvi. Nilipomgeuzia karatasi hakuweza kusema neno. Aliitikia kwa kichwa tu, na Hidaya akamwambia, "Hapana, kaka, lazima useme." Akasema, "Ndiye," akalia kama mtoto, na Hidaya akamshika mgongo. Tukamwamini kwa sababu hiyo. Ukimwona mtu akilia mbele ya mama yake unadhani umemwona wote.

Akawa anakuja jioni baada ya kazi, anakaa chumba cha ndani, anatazama za wenzake. Nilimsikia akimwambia Hidaya, "Dada, hizi hazifai kukaa hivi. Mchwa, unyevu, moto wa mshumaa mmoja tu. Mimi nina watu Dar wenye mitambo. Zikipigwa picha moja moja, nakala zinabandikwa kwenye kambi zote, mkoa huu na mikoa mingine. Fikiria mtoto wa yule mama. Mtu anapita, anamwona ukutani, anasema huyu namjua, yuko hema lile." Hidaya alimaliza mshono aliokuwa nao, akakata uzi kwa meno. Kisha akasema, "Siyo zangu. Siyo za Mwavita. Kila mmoja aulizwe mwenyewe." Na kila mmoja aliulizwa. Ndiyo maana nakataa kuitwa mjinga. Tulimfuata kila mteja tuliyeweza kumpata, aliyekaa Katubuka, aliyekuwa Ilagala kwa wavuvi, wale wa kambini tukawatumia ujumbe kwa mdomo mpaka wakaja. Ndaki alisimama mbele yao akaeleza, na waliuliza maswali makali. "Utarudi lini?" "Treni ijayo, au inayofuata." "Mwanangu atarudi na wewe?" aliuliza Nyota. "Atarudi yeye na nakala zake, mama." Nyota akamshika mikono yote miwili.

Mzee Balthazar peke yake alikataa. "Oya," alisema. Hapana. Ndaki akamsihi, akamwambia mkewe atapigwa picha nzuri. Mzee akajibu, "Mke wangu hasafiri na mwanamume nisiyemjua." Watu wakacheka, hata Ndaki alicheka. Mzee hakucheka. Akaitoa picha kwenye kibanio, akaivingirisha ndani ya kanga, akaenda nayo kambini, mvua potelea mbali. Tuliobaki tulizipanga zile nyingine kwenye sanduku la bati, karatasi ya gazeti katikati ya sura na sura, tukamsindikiza Ndaki stesheni kama tunasindikiza bwana harusi. Nyota alitembea kandokando ya behewa mpaka treni ikamshinda.

Treni iliyofuata haikuja naye, wala iliyofuata hiyo. Tulipokwenda ofisini kwake tukaambiwa amehamishwa. Alijua anahamishwa alipokuwa akituambia habari za nakala; uhamisho hauji kama mvua. Mwenzake aliyekuwa pale mezani, ambaye jina lake sikupewa nafasi ya kulijua, hakututazama hata usoni. Hidaya akaeleza kwa heshima zote, shikamoo na samahani. Yule bwana akanionyesha mimi kwa kidevu. "Na huyu ana kibali cha kuwa mjini?" Hidaya akasema, "Tunazungumzia sanduku." Akasema, "Mimi nazungumzia kibali." Tukaondoka. Ndaki alilijua hilo pia kabla hajagusa kibanio cha kwanza: alichagua watu ambao hawawezi kwenda polisi bila kupandishwa gari la kurudishwa kambini. Baada ya hapo ndipo Nyota alipokuja, akaketi mkekani, nami nikachora ile picha ya labda. Aliondoka bila kuichukua. Sikuchora mtu tena. Nilirudi kwenye tausi na maua, Hidaya akarudi kwenye sindano, kamba tukaanikia nguo.

Sasa nirudi kwenye arobaini. Hidaya ana binti, Tatu, ambaye mwaka ule alikuwa wa kulala kwenye mkeka chini ya zile picha. Alijifunzia kuhesabu kwa kuonyesha pua zao. Sasa ni mtu mzima, anafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja ya watalii Arusha. Akanivuta nyuma ya jiko la msiba. "Mama mdogo, nilitaka kumwonyesha mama, hakuwahi. Tazama." Kwenye simu yake kulikuwa na ukuta wa ukumbi, mweupe, wenye taa ndogo ndogo juu. Na chini ya kila taa, ndani ya fremu na kioo, walikuwa wao. Yule muuza mbuzi. Yule kaka mwenye midomo ya dada yake. Wa yule mteja wa Ilagala. Na katikati, mwenye taa kubwa kuliko wengine, mtoto wa Nyota, sikio lake la kushoto limesimama na la kulia limelala kidogo. Nikasema kwa sauti, "Ndiye," hata wanawake wa vitunguu wakageuka. Chini ya fremu pana kibao, na Tatu alikuwa amekipiga picha karibu ili nisome: Nyuso za Ziwa, kazi ya mikono ya Anselm Ndaki.

Tatu alikuwa ameshapata namba yake palepale hotelini. Nikampigia palepale, nikaweka sauti kubwa, wanawake wakasogea na visu vyao mkononi. "Nani mwenzangu?" Sauti ileile iliyopigwa pasi, imezeeka tu. Nikasema, "Mwavita wa Ujiji. Mwenye makaa." Nikasikia kiti kikisogezwa. Kisha, "Ah, mama. Za siku nyingi." Nikamwambia za siku nyingi ziko ukutani Arusha. Akasema, "Hayo mambo ya zamani sana. Zingebaki kwenu zingeliwa na mchwa. Mimi ndiye niliyeziokoa. Watu wanatoka nchi za mbali, wanasimama mbele ya yule mtoto, wanalia." Nikamuuliza, "Wanamlilia nani?" Akaanza tena habari za wageni, nikamkatiza. "Jina lake nani, Bwana Ndaki, huyo mtoto uliyemchora kwa mikono yako?" Akakohoa. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Hajui, mwizi huyo." Nikasema, "Haya, la mwisho. Na mama yako? Naye yuko hotelini anatazamwa?" Nilisikia feni ikizunguka upande wake. Akasema polepole, "Ile iko chumbani kwangu." "Kwa nini?" nikamuuliza. Akakata simu.

Kumbe alijua. Miaka yote alijua tofauti kati ya sura yenye mwenyewe na pambo la ukuta, na mama yake akamweka upande mmoja na watu wetu akawaweka upande mwingine. Sihitaji hakimu anieleze zaidi ya hapo.

Nyota yuko hai. Anauza mawese Katubuka, mgongo umeinama, na bado akisikia mtu anaitwa jina la mwanawe sokoni anageuka. Sijamwonyesha simu. Simu si mahali pake, na nimechoka kumwonyesha mama huyu vitu ambavyo hawezi kuvishika. Nawe mwenye hoteli, sasa umesoma, kwa hiyo kuanzia leo huwezi kusema hukujua kilicho chini ya taa zako. Lakini neno langu ni la Anselm Ndaki. Sitaki fidia yako, sitaki barua ya wakili. Zishushe zote, uzipange kwenye sanduku na gazeti katikati kama tulivyokupangia, upande nazo treni uliyosema utarudi nayo. Nyumba ya Hidaya ipo palepale na kigoda kipo. Utakula kwanza, maana kwetu mteja anakula kwanza, na hilo hata wewe hutalibadilisha. Kisha utageukia ukuta. Nyota atakaa nyuma yako na mimi nitashika makaa, na wewe uliyemtazama mtoto wake miaka yote hii ambayo yeye hakuweza, utamweleza: paji, nyusi, sikio la kushoto, sikio la kulia. Utaeleza mpaka Nyota aseme ndiye. Na akisema labda, utaanza tena.